Likizo ya Ziwa na Mlima: Panga Kuanzia Elgon, Safiri Kuanzia Kisumu

Likizo ya Desemba inapokaribia, familia nyingi za Nakuru huketi na kuorodhesha mahali pa kwenda: Kisumu kwa samaki na ziwa, msitu wa Kakamega kwa mbega, Mlima Elgon kwa mapango na vilele. Orodha huwa nzuri. Matatizo huanza njiani. Pesa nyingi huishia Kisumu, siku moja hupotea kwa mvua, watoto huchoka, na mlima uliokuwa sababu ya safari hutazamwa kwa mbali kutoka Kitale, kisha watu wakageuza gari kurudi nyumbani.

Mzunguko wenyewe si mrefu. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni takriban kilomita 185. Kisumu hadi Kakamega ni kama 50, Kakamega hadi Kitale kupitia Webuye ni kama 110, na kutoka Kitale kurudi Nakuru kupitia Eldoret ni kama 225. Dereva mwenye haraka anaweza kuumaliza kwa siku mbili, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kinachoamua kama safari hii itafaulu ni idadi ya usiku wa kulala na mwinuko wa kila kituo, si kilomita.

Nakuru na Kisumu ndiyo majiji mawili ya Kenya yaliyo kando ya ziwa, lakini hayalingani kwa mwinuko. Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu liko takriban mita 1,130. Ukitoka Kisumu kuelekea kaskazini unapanda ngazi kwa ngazi: Kakamega ni kama mita 1,500, Kitale ni kama 1,900, kisha Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Koitobos, upande wa Kenya, kina mita 4,222. Ndiyo sababu inafaa safari ianzie ziwani, mwili upate kuzoea polepole. Mipango, hata hivyo, haina budi kuanzia mlimani, kwa kuwa mlima ndicho kituo kisichobembelezeka. Kisumu ikinyesha mvua, familia itaingia hotelini ile samaki. Elgon ikinyesha, barabara ya udongo ndani ya mbuga huteleza na safari ya kileleni huahirishwa.

Jambo la kwanza kuamua basi ni msimu. Katika eneo la Elgon mvua huendelea hata baada ya ile ya masika, na Agosti huko bado ni mwezi wa matope. Miezi mikavu zaidi ni kuanzia Desemba hadi mapema Machi. Familia inayosafiri likizo ya Agosti inaweza kufurahia msitu na mapango ya chini, lakini ni afadhali iache kilele. Ile ya Desemba inaweza kupanga kupanda.

Jambo la pili ni kuwasiliana mapema na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), linalosimamia Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1968, na wengi wanaotoka Kitale huingilia lango la Chorlim. Ada hulipwa kupitia eCitizen, hakuna kulipa pesa taslimu langoni. Viwango vya raia ni vya chini kuliko vya wageni, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake. Anayefika bila ushahidi wa uraia hujitafutia gharama ambayo hakuipangia. Muhimu pia kuulizia hali ya barabara za ndani, kwa sababu gari dogo la nyumbani hufika langoni bila taabu lakini kwenda juu huhitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Upandaji wa Koitobos hufanywa pamoja na askari au mwelekezi anayeijua njia. Kilele cha juu kabisa cha mlima huu, Wagagai chenye mita 4,321, kiko Uganda, na anayetaka kuvuka hadi huko ana shughuli za uhamiaji za kukamilisha pande zote mbili kabla ya kufunga mizigo.

Gari hilo hilo linalorahisisha safari ndilo linaloleta hatari. Mtu anaweza kupanda gari asubuhi akiwa mita 2,000 na kushuka baada ya saa chache akiwa juu ya mita 3,500, kabla miguu yake haijafanya kazi yoyote. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kumpata mtu kuanzia mita 2,500 hivi. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na usingizi wa kukatika. Haumbagui kijana mwenye nguvu, wala mwanamichezo. Dawa yake kuu ni kushuka. Mtu mwenye dalili hizi asipande zaidi. Akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama wenzake wamebakiza saa moja kufika kileleni. Kwa wanaolala mlimani, kanuni inayofuatwa ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na mwingine.

Watoto wadogo na wazee hawana haja ya kufika huko juu hata kidogo. Sehemu ya chini ya mbuga ina mapango, na lililo maarufu zaidi ni Kitum, linaloingia ndani ya mlima takriban mita 200. Kwa vizazi vingi ndovu wameingia humo usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao, na alama za pembe hizo zinaonekana. Beba tochi kwa kila mtu, kwa kuwa mwanga wa simu hautoshi. Wageni wanapaswa pia kujua kwamba watu wawili waliougua homa kali ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wametembelea pango hilo muda mfupi kabla ya kuugua. Virusi vya ugonjwa huo hubebwa na popo wa aina fulani wanaoishi mapangoni. Watu wanaendelea kuzuru Kitum, lakini tahadhari haina gharama: usiguse popo wala kinyesi chao, usile chakula ndani ya pango, osha mikono unapotoka, na umuulize askari wa mbuga kama kuna pango ambalo halipaswi kuingiwa kwa wakati huo.

Wakazi wa kaunti wana bahati ya kuwa na mahali pa kujipima kabla ya kuondoka. Longonot, karibu na Naivasha, ina kilele cha mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3, na kuuzunguka ukingo wote ni zaidi ya kilomita 7. Atakayeumaliza mzunguko huo Jumamosi moja na kuamka Jumapili akiweza kushuka ngazi ana miguu ya kutosha kwa Elgon. Ambaye ameshindwa kufika ukingoni ana jibu lake mapema, na hajapoteza pesa nyingi. Mazoezi hayo pia hufichua kiatu kinachobana na mtoto anayekataa kutembea, mambo ambayo ni heri yajulikane Naivasha kuliko mlimani.

Mlima ukishapata tarehe zake, siku nyingine hujipanga kurudi nyuma. Mgawanyo unaofaa kwa juma moja ni usiku wa kwanza na wa pili Kisumu, wa tatu Kakamega, wa nne Kitale, wa tano na wa sita Elgon, na usiku mmoja wa akiba. Akiba hiyo isitengewe mahali popote. Itatumika mvua ikikatiza, gari likiharibika au mtoto akiamka na homa, na isipohitajika itakuwa siku ya kupumzika Kitale. Familia nyingi huijaza siku hii kwa kituo kingine, mara nyingi kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya. Rusinga inastahili kutembelewa, lakini kutoka Kisumu hadi Mbita ni safari ya nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Anayeitaka aongeze siku mbili kwenye likizo, au aache Elgon.

Siku ya kwanza, ondoka Nakuru alfajiri. Barabara inapanda hadi Mau Summit, inakunja kuelekea Kericho, kisha inateremka kutoka mashamba ya chai hadi mashamba ya mpunga ya Ahero. Nyanda za chai za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mvua hiyo kwa kawaida huja alasiri. Ukizipita kabla ya saa sita, unaikwepa. Kwenye makutano ya Londiani, ambako watu zaidi ya 50 walifariki katika ajali ya lori tarehe 30 Juni 2023, punguza mwendo, na usisimamishe gari kando ya barabara kununua viazi au kabichi.

Kisumu ni mahali pa kula na kutembea pole pole. Ngege na mbuta kando ya maji, makumbusho ya jiji, Dunga jua likitua, na miamba ya Kit Mikayi kwenye barabara ya Bondo vinajaza siku mbili bila kukimbizana. Safari ya mashua ifanywe asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha linalomtosha, na mtoto apewe la mtoto. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Mwenye mashua asipokuwa nayo ya kutosha, tafuta mwingine. Ufuoni hapo hawakosekani. Watoto wasiachwe kuogelea pembezoni. Maji ya ufuo wa Ziwa Victoria yana kichocho, na kuna viboko ambao hawaonekani mpaka wameinua kichwa.

Lakini hatari kubwa zaidi ya safari hii ni ndogo kuliko yote kwa umbo. Kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria ndizo zenye malaria nyingi zaidi nchini, na Kakamega imo katika ukanda huo. Mtu aliyekulia Nakuru mjini, Molo au Njoro hana kinga ambayo mkazi wa Kisumu ameijenga kwa miaka, hata kama ukoo wake unatoka huko. Hili husahauliwa sana na wanaokwenda ushago. Tembelea kituo cha afya wiki mbili au zaidi kabla ya safari na uulize kuhusu dawa za kuzuia malaria, kwa sababu nyingine huanzwa kabla ya kuondoka na huendelea baada ya kurudi. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wasisafiri bila ushauri huo. Beba neti yako mwenyewe. Ya gesti huenda ina matundu.

Kakamega inahitaji usiku mmoja tu, na sababu ni moja: msitu huonekana alfajiri. Ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ile ya Kongo, na una ndege na vipepeo wasiopatikana kwingine nchini. Anayefika saa tano mchana hukuta miti. Anayeingia saa kumi na mbili na mwelekezi hukuta mbega wakiamka.

Kuhusu pesa, utaratibu unaosaidia ni kulipia mlima kwanza: ada, gari na mwelekezi, kabla hata ya kuchagua hoteli ya Kisumu. Kinachobaki kigawanywe kwa usiku, na fungu la dharura lihifadhiwe kwenye simu ya mtu ambaye si mshika mfuko wa safari. Wanaotumia matatu wakumbuke kwamba nauli hupanda wiki ya Krismasi, hasa za kwenda magharibi. Kusafiri mapema Desemba, au baada ya Mwaka Mpya kabla shule hazijafunguliwa, hupunguza gharama na msongamano.

Safari ya kurudi kutoka Kitale ifanywe mchana. Kati ya Eldoret na Nakuru, barabara inapita Timboroa kwenye baridi na ukungu, kisha inateremka mteremko mrefu wa Sachangwan na Salgaa ambako malori hushindwa kushika breki. Saa mbili usiku si wakati wa kuwa hapo na gari lililojaa watoto waliolala.

Malaria huchukua angalau siku saba hivi tangu mtu aumwe na mbu hadi dalili zitokee, kwa hiyo homa ya ziwani mara nyingi huanza watu wakiwa wamesharudi nyumbani, na huenda ikadhaniwa ni mafua au uchovu wa safari. Mtu yeyote aliyelala Kisumu au Kakamega akipata homa katika miezi mitatu inayofuata, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu, na amweleze mhudumu alikotoka. Na akiwa aliingia mapangoni Elgon katika wiki tatu zilizopita, ataje hilo pia.