Kusoma Jedwali la Takwimu Katika Mtihani wa Kujiunga na Chuo

Jedwali la takwimu hupangwa ili kumrahisishia msomaji kazi ya kulinganisha. Hata hivyo, katika mitihani ya kuwachagua wanafunzi wa vyuo, jedwali huwapotezea alama watahiniwa wengi, hata wale walio hodari wa hesabu. Mathalani, mtihani wa GMAT, unaotumiwa na vyuo vya biashara katika nchi nyingi, una sehemu nzima ya kufasiri takwimu yenye maswali 20 kwa dakika 45. Kila swali, basi, limetengewa dakika 2 na robo tu. Hesabu zenyewe aghalabu ni za kujumlisha, kutoa na kugawanya. Kinachomwangusha mtahiniwa ni kujibu kabla ya kusoma.

Hebu tulitazame jedwali lifuatalo, ambalo tarakimu zake zimetokana na sensa mbili za Tanzania.

Idadi ya watu (kwa maelfu)

| Eneo | 2012 | 2022 |
|---|---|---|
| Mkoa wa Dodoma | 2,084 | 3,086 |
| Mkoa wa Dar es Salaam | 4,365 | 5,384 |
| Zanzibar | 1,304 | 1,890 |
| Tanzania nzima | 44,929 | 61,741 |

Kwanza: kichwa na kipimo

Kabla ya kugusa tarakimu yoyote, mtahiniwa asome kichwa cha jedwali. Maneno "kwa maelfu" yana maana kwamba 2,084 ni watu 2,084,000 hivi, wala si watu elfu mbili. Aidha, mstari wa mwisho si jumla ya mistari mitatu iliyo juu yake, bali ni jumla ya nchi nzima, ikiwa pamoja na mikoa ambayo haikuonyeshwa.

Pili: ongezeko na asilimia

Swali: Kati ya Dodoma na Dar es Salaam, ni mkoa upi uliokua kwa kasi zaidi?

Kwa kutoa, Dodoma iliongezeka kwa 1,002 na Dar es Salaam kwa 1,019. Asiye makini atajibu "Dar es Salaam". Lakini kasi hupimwa kwa kulinganisha ongezeko na idadi ya mwanzo. Kwa Dodoma, 1,002 ni karibu nusu ya 2,084. Kwa Dar es Salaam, 1,019 haifiki hata robo ya 4,365. Jibu ni Dodoma: asilimia 48.1 dhidi ya asilimia 23.3. Ikumbukwe kwamba nusu na robo zimetosha kutoa jibu. Hapakuwa na haja ya mgawanyo mrefu.

Tatu: sehemu katika jumla

Swali: Je, sehemu ya Dar es Salaam katika idadi ya Watanzania wote ilipanda au ilishuka?

Watu wa mkoa huo waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja, lakini sehemu yao ilishuka kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7. Sababu yake ni kwamba nchi nzima ilikua kwa asilimia 37.4, yaani upesi kuliko mkoa huo. Hapa pana kanuni ya kukumbukwa: sehemu ya kitu katika jumla hupanda pale tu kitu hicho kinapokua kwa kasi kuliko jumla yenyewe. Kwa kanuni hii mtahiniwa hujibu bila kukokotoa sehemu yoyote.

Nne: yale ambayo jedwali halisemi

Swali: Je, wakazi wa kata ya Makole, mjini Dodoma, waliongezeka kwa asilimia 48?

Jibu sahihi ni kwamba jedwali halitoshi. Asilimia 48 ni ya mkoa mzima, wenye Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na wilaya nyinginezo. Kata moja yaweza kukua upesi, nyingine polepole, na nyingine ikapungukiwa na watu. Vilevile jedwali halielezi kama ongezeko la Dodoma lilitokana na uzazi au na wahamiaji waliofuata makao makuu ya serikali. Huenda msomaji anayajua hayo kwa njia nyingine, lakini mtihani humwuliza kilichomo katika jedwali.

Jambo hili halihusu alama za mtihani peke yake. Anayepanga madarasa au maji ya Makole kwa kutumia wastani wa mkoa aweza kujenga pungufu au kupita kiasi, ingawa kila tarakimu aliyoitumia ni ya kweli.

Zoezi

Bila kugawanya tarakimu za Zanzibar kwa zile za Tanzania nzima, eleza kama sehemu ya Zanzibar katika nchi ilipanda au ilishuka.

Jibu: Ilipanda. Ongezeko la 586 juu ya 1,304 ni kiasi cha asilimia 45, nalo limezidi asilimia 37.4 ya nchi nzima.