Je, Wajua? Kiroba cha Mchanga Huwasha Taa

Mwaka 2012 wabunifu wawili wa London, Martin Riddiford na Jim Reeves, walitangaza taa isiyohitaji betri, mafuta wala jua. Jina lake GravityLight. Unajaza kiroba mchanga au mawe, kilo 12 hivi, unakining'iniza kwenye taa iliyofungwa juu darini, kisha unakipandisha. Ukikiachia kinashuka polepole mno. Kumbe ndani ya taa gia zinazidisha mwendo huo, na dainamo ndogo inazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Mwanga unadumu dakika 20 na ushee. Kiroba kikigusa chini, unakipandisha tena. Toleo la pili liliunganishwa Kenya, nalo lililenga nyumba ambamo watoto bado husomea kibatari.

Wengi hukishangaa kiroba. Mimi naistaajabia balbu. Hebu tupige hesabu. Kilo 12 zikipandishwa mita 1.8 zinaweka akiba ya nishati ya juli 216 hivi. Balbu ya zamani ya wati 60 ingezimaliza kabla ya sekunde nne, na sehemu kubwa ingekuwa joto tupu. Balbu ya taa hii, LED ndogo, hutosheka na takriban sehemu ya kumi ya wati. Na mwanga wake mweupe ulipatikana baada ya LED ya buluu kubuniwa, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kabla ya LED hiyo kubuniwa, kiroba hiki kisingemfaa mtu.

Nguvu za mikono yetu ni haba kuliko tunavyodhani. Betri ya simu ya kawaida hubeba juli 40,000 au zaidi. Kuijaza kungetaka kiroba kipandishwe zaidi ya mara 180, hata kama gia zisingepoteza chochote! Miguu ina nafuu: dainamo ya baiskeli hutoa wati 3 mradi unakanyaga pedali.

Lakini jua limeipita mikono na miguu. Paneli ya wati 10, mchana wa jua kali, hukusanya juli hizo 216 kwa sekunde 22 tu. Kama nyumbani hakuna umeme, nunua paneli. Kiroba wapelekee walimu wa fizikia, kwani mwanafunzi aliyekipandisha kwa mikono yake hatasahau juli ni nini.