Salfa na Vijidudu vya Ziwa Nyasa

Mkulima wa Kyela aking'oa magugu katika jaruba la mpunga lililotuamisha maji kwa majuma kadhaa, tope linalofuatana na mizizi huwa jeusi, tena lina harufu ya mayai viza. Naye hunawa akaendelea na kazi yake, asitie maanani kwamba harufu ile ni pumzi ya viumbe wasioonekana kwa macho.

Kila chenye uhai hakina budi kuwa na salfa, kwa kuwa protini haziundiki pasipo hiyo. Bakteria walio wengi hunyonya salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni na kuyeyuka majini, kisha, kwa gharama kubwa ya nguvu zao, huivua ile oksijeni hata ikawa salfaidi, wakaitia papo hapo katika sisteini, ambayo ni mojawapo ya viungo vya protini, na kutokana nayo wakapata methionini. Mimea nayo hufanya vivyo hivyo. Sisi wanadamu hatukujaaliwa uwezo huo, basi methionini yetu hatuna ila kuila, katika samaki waitwao usipa, maharage na mfano wa hayo.

Lakini wako bakteria wengine, wakaao pasipo hewa, ambao kwao salfeti hushika mahali pa oksijeni katika kuvuta pumzi. Hawa, ambao Beijerinck wa Uholanzi alimtenga mmoja wao mwaka 1895, hutumia salfeti nyingi kupita kadiri ya haja ya miili yao, na salfaidi, yenye harufu ile ya mayai viza, huitupa nje. Ikikutana na chuma cha udongoni, tope huwa jeusi.

Mbele ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, mambo ni hayo kwa ukubwa wake. Pepo za kusini, zivumazo kwa nguvu tangu Mei hata Agosti, huyakoroga maji ya juu wala hazifiki vilindini, na ilhali ziwa lina kina cha takriban mita 700, chini ya mita 250 hivi hamna oksijeni, bali salfaidi imo. Inapopanda ikakutana na oksijeni, bakteria wa kabila la tatu huigeuza tena salfeti, nayo ndiyo riziki yao. Maisha ya namna hiyo Winogradsky, Mrusi, aliyagundua mwaka 1887, na kwa rai yangu ni ugunduzi uliostahili sifa zaidi kuliko ulizopata. Samaki hawawezi kuishi huko chini: usipa wauzwao Matema, na mbasa wapandao mitoni kutaga, wote ni wa tabaka la juu.