Umeme Utokao Katika Mkondo wa Bahari

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba bahari ina nguvu. Kila mwezi uandamapo, na tena ufikapo mpevu, tunaona bamvua likijaza maji hadi ndani ya mikoko, kisha likiyavuta mpaka miamba ikabaki mitupu. Katika nchi kadhaa nguvu hiyo hiyo imekwisha kuwasha taa majumbani.

Kaskazini mwa Scotland, baina ya kisiwa cha Stroma na bara, pana mlango wa bahari ambamo maji hupita kwa kasi inayofikia mita 5 kwa sekunde. Mwaka 2016 mradi uitwao MeyGen ulianza kupeleka umeme kutoka hapo, na leo una mitambo minne iliyosimamishwa chini ya maji, kila mmoja wa megawati 1.5. Umbo lake ni kama rafadha ya meli, ila kazi imegeuzwa: rafadha huzungushwa na injini ili isukume maji, na hii huzungushwa na maji ili iendeshe jenereta. Umeme hufika nchi kavu kwa waya mnene uliolazwa sakafuni mwa bahari.

Maji ya chumvi ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800, na ndiyo sababu rafadha yenye upana wa mita 18 hutoa kiasi ambacho upepo hauwezi kukitoa ila kwa mapanga marefu mno. Tena upepo hauna miadi. Kupwa na kujaa kuna hesabu, na anayefuata mwandamo anaweza kutaja leo siku za bamvua za mwaka ujao. Hesabu hiyo ina upande wake mchungu: maji yasimamapo kabla ya kugeuka, mtambo nao husimama, na siku za maji mafu mavuno huwa haba.

Bahari pia haina huruma na chuma. Mtambo uliozamishwa mwaka 2009 katika Ghuba ya Fundy, nchini Kanada, ulivunjwa mapanga na mkondo wenyewe. Kutu na viumbe vinavyong'ang'ania chini ya maji ni adha nyingine, kama wajuavyo wazee waliopaka vyombo deheni. Na huko Strangford, Ireland ya Kaskazini, mtambo wa megawati 1.2 uliowekwa mwaka 2008 ulilazimika kuzimwa kila mara sili alipokaribia, mpaka wataalamu waridhike kwamba wanyama hao hawadhuriki.

Je, kwetu yawezekana? Tusikimbilie kushangilia. Nguvu ipatikanayo hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Basi mkondo wa mita 2 kwa sekunde hautoi nusu ya ule wa mita 4, bali sehemu moja tu kati ya 8. Wa mita 1 hutoa sehemu moja kati ya 64. Mtu akija kutuahidi umeme wa mkondo, swali la kwanza si bei, ni kasi: ameipima wapi, kwa muda gani, na je, alipima bamvua peke yake? Kina nacho kina neno lake. Katika mlango wa Mkanda, Lamu, manahodha walikuwa wakingoja maji yajae ndipo wapite. Rafadha ya mita 18 itazama wapi?

Huenda mitambo midogo ikafaa penye kina na mkondo mkali. Katika visiwa vya Shetland iliwekwa ya kilowati 100 kila mmoja kuanzia mwaka 2016. Lakini penye mkondo ndipo wavuvi wetu hutega, na ndipo mashua hupita. Penye mtambo na waya hapatiwi nanga wala hapakokotwi jarife. Kwa hiyo wavuvi waketi katika kikao cha kwanza, ramani ikiwa bado tupu, wala wasiitwe siku ya kukata utepe.