Tuhuma za uchawi Simiyu na uzito wa kitenzi ‘tuhumu’

Kitenzi ‘tuhumu’, chenye asili ya Kiarabu, maana yake ni kumhusisha mtu na kosa ambalo bado halijathibitishwa, na hapo ndipo kinapotengana na ‘singizia’, yaani kumbebesha mtu kosa huku msemaji akijua fika kuwa si lake. Anayetuhumu huenda anaamini kwa dhati anachokisema. Kinachokosekana ni ushahidi.

Katika Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na makao yake makuu kuwekwa Bariadi, pengo hilo la ushahidi limegharimu maisha ya watu. Kwa miongo mingi huko Usukumani, Simiyu ikiwamo, wanawake wazee, hasa wajane, wametuhumiwa uchawi na baadhi yao kuuawa kwa mapanga, huku macho mekundu yakitajwa kuwa ndiyo dalili. Ukweli ni kwamba mwanamke aliyepika maisha yake yote kwenye mafiga, ndani ya nyumba yenye kidirisha kimoja, akichochea moto kwa miti ya pamba na kinyesi kikavu cha ng’ombe kwa sababu kuni ni adimu, macho yake yameharibiwa na moshi.

Mara nyingi tuhuma huanzia msibani: mtoto amefariki, familia inakwenda kwa mganga, naye anapiga ramli na kumtaja jirani au ndugu. Ndiyo inayoitwa ramli chonganishi, kwa kuwa huwagombanisha watu wa ukoo mmoja, na si nadra nyuma ya jina lililotajwa kukuta shamba linalogombewa.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu kuwa mkosaji yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa anapopeleka malalamiko kwa mamlaka husika. Katiba ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Kwa hiyo, kichwa cha habari kisemacho “Mchawi auawa” kinamnyima marehemu haki ambayo hata mshtakiwa aliye kizimbani anayo. Kuandika “alituhumiwa uchawi” ni afadhali, lakini bado hakutoshi, kwa maana kauli ya kutendwa humficha mwenye kutuhumu. Msomaji anastahili kuelezwa kama tuhuma hiyo ilitoka kwa mganga, kwa shemeji au kwa jirani aliyepakana naye shamba.