Njia ya Mbaruk na Nyayo za Waliomfuata

Uingereza ipo njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 1,000, inayofuata mapito ya Mfalme Charles wa Pili alipotoroka baada ya kushindwa vitani Worcester mwaka 1651. Familia huitembea kipande kwa kipande, mzazi akimsimulia mwanawe jinsi mfalme alivyojificha juu ya mti.

Pwani yetu nayo ina habari yake. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mtawala wa Gazi, alipambana na Waingereza mwaka 1895. Mwezi wa Agosti ngome yake ya Mwele ilitekwa. Aprili 1896 alivuka mpaka akaingia upande wa Wajerumani, pamoja na wafuasi wengi na jamaa, akamalizia umri wake Dar es Salaam. Jina lake limo vitabuni. Majina ya kina mama waliofuata nyuma, aghalabu yamebaki vinywani mwa wazee tu.

Nasi wa Voi twaishi juu ya njia ya kale: ile ya misafara iliyopita Maungu na Bura kuelekea Taveta, kabla ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka huo huo wa 1896. Kipande kifupi chatosha kutembea na watoto, asubuhi, mkiongozwa na mwenyeji ajuaye mapito ya ndovu.

Lakini kabla ya safari, mketini kwa bibi. Muulizeni wazee wake walitoka wapi, wakimkimbia nani, na mwandike. Njia itangoja, umri haungoji.