Ramani ya Uoto wa Asili na Maji ya Kampala



Ramani ya uoto wa asili si pambo la kutundikwa ukutani mwa ofisi. Ni hesabu ya mali ya taifa, na hesabu isiyo sahihi humpotosha mwenye mali. Jambo hili hudhihirika huko Luzira, ukingoni mwa kinamasi cha Nakivubo.

Maji machafu ya katikati ya Kampala hupita katika mfereji wa Nakivubo, huingia katika kinamasi hicho, kisha humiminika katika ghuba ya ndani ya Murchison, Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Gaba, ndiko yavutwako sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mji. Kabla ya kufika kwenye mitambo ya Gaba, maji hayo huchujwa na mimea.

Lakini mimea yote haichuji sawasawa. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mafunjo yaeleayo huning'iniza mizizi majini na kunyonya naitrojeni na fosforasi, hali majani ya jamii ya Miscanthidium hufanya tabaka nene lisilopitisha maji kwa urahisi. Na upande wa juu wa reli iendayo Port Bell, mafunjo mengi yamekwisha kufyekwa, mahali pake pakalimwa magimbi na miwa. Ramani iandikayo neno moja, "kinamasi", juu ya sehemu zote hizo haisemi kweli.

Kazi hii si ngeni nchini. Mwaka 1964 Langdale-Brown, Osmaston na Wilson walitoa huko Entebbe kitabu na ramani za uoto wa Uganda nzima. Baadaye kazi yao ilisaidia kutengeneza ramani moja ya Ethiopia, Kenya, Malawi, Rwanda, Tanzania, Uganda na Zambia. Yafaa ieleweke kwamba ramani hiyo ya nchi saba huonyesha uoto ambao ungekuwapo kama mwanadamu asingeugusa. Humwelekeza mpanda miti, lakini haielezi kilichosalia leo.

Kilichosalia hujulikana kwanza kwa picha za setilaiti, kisha kwa watu waendao kwa miguu na kwa mtumbwi kuitambua mimea yenyewe. Kwa maana kutoka angani kijani cha magimbi chaweza kudhaniwa kuwa kijani cha mafunjo.

Katiba ya mwaka 1995 imeifanya Serikali kuwa mdhamini wa vinamasi kwa niaba ya wananchi. Mdhamini asiyeijua amana yake hawezi kuilinda. Naye mkulima wa magimbi anayetakiwa kuhama anastahili kuonyeshwa mpaka uliopimwa mbele ya macho yake, si uliobuniwa siku ya kumwondoa.

Kwa hiyo ramani ya uoto uliopo haina budi kupimwa upya mara kwa mara, na nakala yake kuwekwa mahali ambapo wakazi wa Luzira wataiona. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.